Kumbukumbu Pokezani: Ujuzi Unaokaa Katika Timu

Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, alieleza kwamba watu waliozoeana hugawana kazi ya kukumbuka. Kila mmoja hutunza fungu lake, na wote wanajua fungu gani liko kwa nani. Mfumo huo nauita kumbukumbu pokezani. "Kumbukumbu ya pamoja" ingepotosha, maana hudokeza kwamba wote wanakumbuka jambo moja.

Watafiti Richard Moreland na Linda Argote waliijaribu dhana hiyo kwa wanafunzi waliopewa kazi ya kuunda redio. Vikundi vilivyofundishwa pamoja vilikosea mara chache kuliko vya watu waliofundishwa mmoja mmoja. Lakini waliofundishwa pamoja walipotawanywa na kupangwa na wenzao wengine, faida ile iliwapotea, ingawa hakuna aliyenyang'anywa ujuzi wake.

Mfano wetu uko wilayani Mbulu, Tanzania. Mwaka 2010, wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipata kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mafunzo, ila huduma ndani ya chumba cha kujifungulia haikubadilika. Baadaye yakaanzishwa mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Watafiti wa Haydom hawakupima kumbukumbu pokezani. Kuiona humo ni hukumu yangu. Mtoto mchanga asiyepumua anahitaji kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza. Katika sekunde 60 hizo nani ashike mfuko na barakoa, nani akimbilie daktari, nani abaki na mama anayevuja damu? Timu inayoanza kuulizana hapo imeshachelewa.

Kwa hiyo uhamisho wa watumishi si jambo la makaratasi tu. Mkunga akihamishwa kutoka kata kama Daudi huko Mbulu, huondoka na fungu lake, na waliobaki huendelea kumtegemea mtu asiyekuwapo. Anayekuja anaweza kuwa hodari kumpita, lakini hajui nani wa kumwita, wala wenzake hawajui anachokiweza.

Waganga wakuu wa wilaya, mtumishi mgeni akiripoti, msikimbilie kumpeleka semina mjini. Mfanyisheni mazoezi kwanza na wale atakaokesha nao zamu.