Chini ya Tailizi

Mama alianguka jikoni Februari 2025, asubuhi, akiwa amebeba sufuria ya maji. Hakuvunjika. Alikaa pale chini kwa muda, maji yakimzunguka juu ya tailizi nyeupe tulizomwekea sisi wanawe miaka minane kabla, kisha akanipigia simu akiwa bado amekaa. Nilimuuliza kama nimpeleke hospitali. Akasema, "Njooni mng'oe vitu vyenu."

Kaka yangu anayeishi Dar alianza kutuma picha WhatsApp siku hiyo hiyo. Tailizi za kukwaruza. Sitini kwa sitini, za rangi ya mbao. Zile za bafuni ambazo muuzaji anaapa haziteremshi mguu hata ukimwaga mafuta. Mama aliijibu kila picha kwa neno moja: hapana. Alichotaka ni saruji nyekundu, kama ile iliyokuwepo mwanzo. Kaka akaniandikia pembeni kwamba watu watasema tumeshindwa kumtunza mzazi.

Nilimwelewa. Ukitafuta chumba cha kupanga Nyegezi au Buswelu leo, dalali hakuanzii na ukubwa wala umbali wa barabara. Anaanza: "Masta, tailizi, jipsamu, maji ndani." Tailizi imekuwa sifa ya mtu kabla ya kuwa sifa ya nyumba. Kumrudishia mama saruji ni kama kumvua kitenge na kumvika gunia mbele za watu. Hivyo ndivyo kaka alivyoona, na kwa wiki mbili hivi nami niliona hivyo.

Fundi alipoanza kubomoa kwa nyundo na tindo, tailizi zilitoka vipande vipande, na chini yake ikaonekana sakafu ya zamani. Nyekundu iliyofifia, imejaa vidonda. Ili tailizi zishike, fundi wa kwanza alikuwa ameidonoa kote kwa tindo, mamia ya vishimo vyeupe. Mama alisimama mlangoni akaangalia. Hakusema kitu, akaingia chumbani na kurudi na bahasha ya kaki.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kibali cha saruji cha Septemba 1984. Baba, wakati huo karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, aliomba mifuko 60. Karatasi inaonyesha alipewa 25.

Kwa msomaji aliyezaliwa baada ya miaka hiyo, karatasi hii inahitaji maelezo. Tanzania ilikuwa na viwanda vitatu vya saruji: Wazo Hill kilichoanza mwaka 1966, Tanga mwaka 1980, na Mbeya mwaka 1983. Hakuna hata kimoja kilichokuwa karibu na ziwa. Mfuko uliotoka Wazo Hill ulisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Tabora, kwa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha hazina ya nchi, vipuri na mafuta vilikuwa shida, na saruji, kama sukari na sabuni, ilikuwa kitu cha kuombwa. Ulijaza fomu, ukangoja, ukapewa ulichopewa. Rafu hazikuanza kujaa mpaka biashara ya nje ilipolegezwa kuanzia 1984, na zaidi baada ya Mwinyi kuingia Ikulu mwaka uliofuata.

Mifuko 25 inatosha nini? Nilimuuliza fundi. Akahesabu kwa vidole: jamvi la vyumba vitatu, halafu sakafu ya juu yake. Basi. Haibaki ya plasta.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kuta zake zilikuwa tofali za udongo, wazi, zinazochubua bega ukijiegemeza, na chini kuna sakafu nyekundu inayong'aa kama tufaha. Plasta ilikuja mwaka 1991. Watoto wenzangu walikuwa wanacheka: kwao waliweka plasta kwanza, na rangi, ili nyumba ionekane barabarani. Sikuwahi kuuliza kwa nini kwetu ilikuwa kinyume. Safari hii niliuliza.

"Mimi ni wa Uzinza," mama alisema, kana kwamba hilo ni jibu.

Uzinza ni ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema na Buchosa. Zamani tulivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, na foleni ingeweza kula nusu siku. Tangu Juni 2025 kuna daraja na safari ni ya dakika chache. Agosti, wakati sakafu imebomolewa na hakuna pa kulala, tulivuka kwenda kwa mama mdogo. Huko ndiko nilikosikia habari ya funza.

Funza huyu, ambaye wengine humwita tekenya, si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Alivuka bahari mwaka 1872, kwenye meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil hadi Ambriz, Angola, ikiwa imebeba mchanga wa kuipa uzito. Kutoka pwani ile misafara ya wapagazi na askari ilimbeba kwa miguu yao wenyewe kuingia Kongo, na kutoka Kongo hadi maziwa makuu. Kufikia mwisho wa karne alikuwa amefika Zanzibar. Bara zima alilivuka kwa muda usiozidi miaka 30.

Mwaka 1892 msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Uzinza. Aliandika kwamba alikuta vijiji vilivyoangamizwa na mdudu huyu, na watu wanaokufa njaa huku mazao yamekomaa shambani, kwa sababu miguu yao haikuweza tena kuwapeleka kuvuna. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani ametia chumvi, kama walivyozoea wasafiri wa wakati ule. Kisha nikakumbuka bibi yake mama. Sikumkuta hai, lakini katika familia anatajwa kwa kitu kimoja: hakuwa na vidole vinne vya mguu wa kushoto.

Jike la funza huingia kwenye ngozi, mara nyingi pembeni mwa ukucha, anavimba kufikia ukubwa wa punje ya mbaazi, kisha anatoa mayai yanayodondoka chini. Yakiangukia vumbi kavu, mabuu hukulia humo humo, na baada ya wiki tatu hivi kizazi kipya kiko tayari kupanda mguuni. Kwa hiyo anayedhani funza ni ugonjwa wa miguu amekosea nusu. Ni ugonjwa wa sakafu.

Mababu walikuwa na sakafu yenye kinga yake, na mama mdogo bado anaitumia kwenye jiko lake la nje. Alinionyesha. Unachukua mavi ya ng'ombe yaliyo mabichi, unayachanganya na udongo laini na maji kidogo, unapiga goti na kusiriba kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Harufu hukata jua linapozama. Ikikauka, vumbi limefungwa, na unaweza kufagia bila kutifua. Ikianza kupasuka unasiriba tena. Kazi hiyo ni ya wanawake, na haina mwisho. Niliijaribu na kiuno kilinikoma siku mbili.

Sasa angalia tarehe. Funza alifika kandokando ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1890 na 1891, sotoka iliingia Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe, Usukuma na Uzinza pia. Vitabu vya historia huyaweka majanga haya mawili kwenye orodha, moja chini ya jingine. Mimi, nikiwa nimepiga magoti kwenye jiko la mama mdogo na mikono imechafuka, niliona yanashikana. Bila ng'ombe hakuna mavi, na bila mavi sakafu inarudi kuwa vumbi, wakati ule ule ambao mdudu anayezaliana vumbini anabisha hodi. Hayo ni mawazo yangu, sijayakuta yameandikwa. Lakini mwanamke yeyote aliyewahi kusiriba angeyafikia kabla yangu.

Mama alizaliwa mwaka 1953, na anakumbuka jioni za pini na kibatari: watoto wamepangwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, shangazi anatoboa. Anayelia anapelekwa mwisho wa mstari. Mwaka 1973, akiwa msichana, alikaa kwenye kikundi cha kusikiliza redio cha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoshirikisha karibu watu milioni mbili nchi nzima. Walifundishwa malaria, kichocho, safura, kuhara, na wakachimba vyoo. Anasema kilichomkaa kichwani ni kwamba ugonjwa una mahali unapokaa, na mahali hapo panaweza kuondolewa. Aliapa mtoto wake hatatambaa juu ya vumbi.

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Kuanzia mwaka 2000, jimbo la Coahuila nchini Mexico lilizimwagia saruji nyumba za maskini zenye sakafu ya udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba palipobadilishwa sakafu nzima, watoto wenye vimelea tumboni walipungua kwa asilimia 78. Baba na mama hawakuwa na utafiti. Walikuwa na mifuko 25, na wakaimwaga yote chini.

Mjini kulikuwa na sakafu nyingine, nisiyotaka kuiruka. Ukiingia kwenye majengo ya zamani ya Wahindi nyuma ya Barabara ya Nyerere, tazama chini: terazo, vipande vya mawe ya rangi vilivyozamishwa kwenye saruji kisha vikasagwa hadi vikalainika, ufundi uliotoka Venice. Zimekanyagwa miongo mingi na bado zinang'aa. Aprili 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nina hakika hiyo ni sababu moja ya terazo kubaki. Mpangaji havunji sakafu isiyo yake.

Tailizi zilikuja na sangara. Viwanda vya minofu vilipojipanga kando ya ziwa miaka ya 1990, Ulaya ilidai sakafu isiyopitisha maji, inayosafishika kwa urahisi, na kati ya 1997 na 1999 ilipozuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa kwa sababu za usafi, viwanda vilitumia fedha nyingi kujirekebisha. Wafanyakazi walishinda juu ya sakafu zinazong'aa za kupiga maji kwa mpira, jioni wakarudi kwenye saruji iliyopasuka. Bei ilipoporomoka, hasa baada ya viwanda vya Goodwill kule Mkuranga na Keda kule Chalinze kuanza katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, kila mwenye nyumba aliweza kuchagua. Tulichagua nasi, 2017, bila kumuuliza mama. Ilikuwa zawadi.

Niliporudi Mwanza nilimpigia kaka, nikamsomea kibali. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema atatuma hela ya saruji, lakini asiambiwe achague rangi.

Sakafu ya zamani haikuweza kuokolewa. Vishimo vilikuwa vingi mno. Fundi aliisugua, akailowesha usiku kucha, akapiga uji wa saruji wa kushikiza, kisha akamwaga tabaka jipya lililochanganywa na oksaidi nyekundu. Vyumbani alipiga niru. Alipofika jikoni alisimama.

"Mama, niru nayo inateleza ikilowa. Tusidanganyane. Hapa nitafunga kwa ubao, ibaki na ukwaruzo."

"Na nta?"

"Jikoni hapana, mama."

Aliwaza. "Haya. Lakini vyumbani nitaipaka mwenyewe."

Siku saba tulimwagilia maji asubuhi na jioni na kufunika kwa magunia. Siku ya nane mama alivua ndala, akamwaga kikombe cha maji jikoni na kupita juu yake mara tatu, akirudi nyuma, mikono imeinuliwa kidogo.

Sebuleni hakuruhusu kubomoa. Tailizi nyeupe bado zipo, sitini kwa sitini. Alisema zile ni za wageni na za kaka yako, akatandika mkeka juu yake.