Jina, Mahali na Mwaka: Amana ya Mwana Kupona kwa Mabiharusi

Nawaandikia kutoka Mchikichini, Dar es Salaam, ambako nashona na kuuza nguo za harusi. Mabiharusi wengi siku hizi huja na simu iliyojaa picha za magauni, na humohumo mna mawaidha ya ndoa waliyotumiwa na mashangazi, masomo na mashoga. Mengi hayana jina la aliyeyasema. Mengine yameandikwa "hadithi" juu, bila kutajwa nani kaipokea wala imo kitabu gani. Leo tumtazame mama mmoja wa pwani yetu aliyejua kulinda maneno yake, zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, kisiwa cha upande wa Lamu, katika Kenya ya leo. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye Mwana Kupona, mjane tena mgonjwa, alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi akae karibu, kwani alikuwa na maneno ya kumwachia. Maneno hayo ndiyo Utendi wa Mwana Kupona, beti mia moja na kidogo.

Wengi wanaoutaja huchukua beti za kumtii mume, za kumkanda na kumpepea, wakaishia hapo. Ukiusoma wote utaona mama ameanza na dini: mwanangu shika faradhi, na sunna ukiziweza. Kisha adabu, kisha ulimi wa kweli. Na mwisho kuna dua ndefu, anajiombea yeye, watoto wake na Waislamu wote. Utaona pia maneno ya zama za utumwa, pale anapomwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hayo tunayasoma kama historia, hatuyabebi kuwa mafunzo. Aliyetumiwa kipande tu hawezi kupima lipi la kushika na lipi la kuacha.

Sasa ndugu yangu, angalia alichofanya karibu na mwisho. Ndani ya beti zenyewe ametaja jina lake na la baba yake, akasema amezaliwa Pate, akataja na mwaka, 1275 wa Hijria, ambao ni sawa na 1858. Zama zile kila nakala iliandikwa kwa mkono. Maneno ya pembeni mwandishi angeweza kuyaruka, lakini ubeti una vina na mizani, ukiuondoa pengo linaonekana. Mimi naliona hilo kama pindo lililoshonwa pamoja na nguo. Na sisi Waislamu jambo hili si geni, maana hadithi ya Mtume (s.a.w.) hatuipokei mpaka tujue imepokewa na nani kutoka kwa nani.

Utendi ule uliandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoandika barua, mikataba na mashairi kwa karne nyingi. Utendi wa Tambuka, wa huko huko Pate, una tarehe ya mwaka 1728. Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu Kiarabu hakina herufi ya "p", ya "v" wala ya "ch", na alama za irabu ni tatu wakati Kiswahili kina irabu tano. Msomaji alilazimika kuijua lugha vizuri ndipo asome sawasawa. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliongeza alama ili herufi zitoshe sauti zetu. Hata kanga, vazi letu la kila siku, maandishi yake ya mwanzo yalikuwa ya herufi za Kiarabu kabla ya kugeuzwa kuwa hizi tunazosoma leo.

Mitambo mipya ilipokuja, pwani yetu haikukaa nyuma. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, na karibu na mwaka 1880 Sultani Barghash alileta matbaa, ikachapa vitabu vikubwa vya fiqhi kwa Kiarabu. Mombasa, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah. Wanawake walipata sauti kwa chombo kingine: mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Ila matbaa za vitabu zilikuwa za wanaume, na mashairi ya akina mama yalibaki majumbani, yakinakiliwa na kukaririwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Wakati huohuo skuli za wamisheni na za wakoloni zilifundisha kwa herufi za Kirumi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa herufi hizo. Taratibu watu wakaacha kusoma Kiswahili cha wazee wao, ingawa ni lugha yao wenyewe. Utendi wa Mwana Kupona ulipochapwa kuwa kitabu kizima mwaka 1934, waliouchapa walikuwa Waingereza wawili, Alice Werner na William Hichens. Tuwashukuru, lakini tujiulize pia: kwa nini urithi wa bibi zetu usubiri mgeni?

Miswada mingi leo imo katika maktaba. Chuo cha SOAS cha London kina mikusanyo yao, na sehemu yake imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada iliyokusanywa na J.W.T. Allen na wenzake, na Allen huyo alikichapa kitabu cha Tendi mwaka 1971. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zina hazina ya miswada na vitabu vya Kiarabu ambayo UNESCO iliiingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Ukurasa ambao zamani ungeufuata kwa meli, leo unaweza kuukuza kwa vidole viwili ukiwa umekaa barazani.

Na hapa ndipo furaha yangu ilipo. Wewe uliyesoma chuo ukahitimu Juzuu Amma, herufi hizo unazijua tayari. Fungua picha ya mswada, anza kuendeleza neno moja moja kwa sauti. Utakwama kwenye "p" na "ch", kisha sikio lako la Kiswahili litakuongoza.

Lakini simu ina hatari yake. Inabeba maneno kwa kasi, na njiani jina huanguka. Sisi mafundi tunajua: kitambaa kikipokewa bila kuandikwa jina la mwenyewe, kesho kitakuwa kitambaa cha mtu yeyote. Mawaidha nayo ni hivyo. Mtu huongeza neno, mwingine hupunguza, na mwisho biharusi anaingia nyumbani kwake akibeba mzigo ambao hata Mwana Kupona hakumtwika, akidhani ni dini.

Basi tufanye haya. Kama kuna karatasi za zamani kwenye sanduku la bibi, usizibandike gundi wala selotepu, na usiziweke juani. Omba ruhusa kwanza, maana nyingine ni siri za familia. Zipige picha kwenye mwanga mzuri, ukurasa mzima pamoja na pembe zake. Weka nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Kisha andika mambo matatu: jina la aliyeandika au aliyetunza, mahali zilipotoka, na mwaka kama unajulikana. Mawaidha ya somo wako nayo mrekodi akikubali, na kwanza kabisa umtajie ajitambulishe.

Na ukitumiwa maneno ya ndoa, uliza kwa upole: nani kasema? Akijulikana, mpeleke mbele na jina lake. Asipojulikana, usiyape heshima ya hadithi.

Allah awarehemu bibi zetu walioandika na waliokariri, na azijaalie nyumba za mabiharusi wetu ziwe na mapenzi na huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.