Prosesa zisizongojana

Kabla ya kompyuta, mhandisi aliyetaka kujua umeme utapita wapi kwenye gridi alijenga gridi nyingine, ndogo. Mwaka 1929 chuo cha MIT na kampuni ya General Electric walikuwa na mtambo wa namna hiyo, wenye koili na vikinzani vilivyowakilisha laini na mitambo halisi.

Mwaka 1956 J. B. Ward na H. W. Hale walionyesha jinsi ya kuikabidhi kompyuta kazi hiyo. Njia yao ni kukisia na kusahihisha: volti ya kila kituo hukadiriwa kutokana na volti za majirani zake, duru baada ya duru, mpaka majibu yatulie.

Zigawie prosesa kadhaa kazi hiyo, kero inaanza. Iliyo nyepesi humaliza mapema na kukaa bure ikingoja nyingine zimalize duru, kama msafara unaofuata mwendo wa punda aliyechoka kuliko wote.

Jack Rosenfeld wa IBM alijiuliza: kwani lazima zingojane? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969 aliiga, ndani ya programu, prosesa nyingi zikitafuta mgawanyo wa mkondo katika mtandao wa umeme. Programu ikipangwa vyema, muda wa kazi ulikaribia muda wa prosesa moja uliogawanywa kwa idadi ya prosesa. Ikipangwa ovyo, kuongeza prosesa kulirefusha kazi. Onyo hilo ndilo ninalolithamini zaidi.

Mwaka huohuo Chazan na Miranker walitoa uthibitisho. Prosesa inaweza kutumia takwimu iliyokwisha kupitwa na wakati na jibu bado likapatikana, mradi makosa yapungue hata yakihesabiwa kana kwamba hayafutani kamwe. Gérard Baudet alilegeza sharti la kiasi gani takwimu zinaruhusiwa kuchelewa mwaka 1978, akaijaribu njia hiyo kwenye C.mmp, mashine ya prosesa nyingi ya Carnegie-Mellon. Bertsekas na Tsitsiklis wakaikusanya nadharia yote kitabuni mwaka 1989.

Lakini sharti lile la makosa kupungua ni gumu. Milinganyo ya gridi halisi si ya mstari mnyoofu, na hakuna anayeahidi kwamba itatii. Nayo njia ya Newton ya kuitatua, iliyoboreshwa na Tinney na Hart mwaka 1967, bado inatawala. Kwa gridi ya shirika moja sioni sababu ya kuiacha. Penye mashirika mengi yanayoficha takwimu zao na mawasiliano yanayochelewa, kutongojana kunastahili kupewa nafasi.