Watoro wa Rabai na Mlango wa Kanisa

Tumeona vema kutia katika taarifa hii habari fupi za Wakristo wa zamani wa Rabai na Freretown. Swali lililowapata wao hukipata kila chama cha msaada, nalo ni hili: Je, tupo kwa faida yetu sisi tulio ndani, ama hata kwa yule asimamaye nje?

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai, katika nchi ya Wamijikenda. Kazi yao ilikuwa kujifunza lugha, kutafsiri Maandiko na kuhubiri. Rebmann alikaa pwani hata mwaka 1875, akaondoka hali amepofuka, na waumini aliowaacha walikuwa wachache. Hatuidharau kazi yao, maana walioandika lugha walituwekea akiba kubwa. Lakini kanisa lile lilikuwa bado dogo, likijitazama lenyewe.

Ndipo ulimwengu wa nje ulipobisha hodi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, zikawateremsha watu wasio na ukoo, wala shamba, wala wa kuwapokea. Mwaka 1875 misheni ya C.M.S., chini ya William Salter Price, ikajenga mji wa Freretown upande wa Kisauni, ulioitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Walioshika kazi nyingi pale walikuwa Waafrika waliokombolewa utotoni na kulelewa Bara Hindi, wengi wao wakiwa mafundi na walimu. Basi kanisa likawa halina budi kushughulika na chakula, nyumba, jembe na shule.

Hata hivyo haifai kuisifu kazi ile kupita kiasi. Waliokombolewa walitawaliwa na misheni kama watoto, na mwaka 1881 ulifanywa uchunguzi juu ya viboko na adhabu kali walizotiwa na msimamizi wao. Kumpa mtu chakula ni jambo moja. Kumheshimu ni jambo la pili.

Jaribu kubwa zaidi lilikuwa la watoro. Mtu aliyekamatwa katika jahazi alikuwa huru kwa mkataba. Lakini aliyetoroka shamba la bwana wake huku bara alihesabiwa bado kuwa mali ya bwana huyo. Wamisionari walikuwa wameagizwa wasiwapokee, na hofu yao haikuwa ya bure, kwani mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuushambulia Freretown. Kuwafungulia watoro mlango kulikuwa kuhatarisha kila kilichokwisha kujengwa.

Watoro walikuja vivyo hivyo. Walijenga vibanda Rabai, wakalima, wakahudhuria ibada. Miongoni mwa viongozi wa Rabai alikuwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni akakombolewa na kulelewa Bara Hindi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka katika daraja la ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Mtu aliyewahi kuonja utumwa angewezaje kumwambia mtoro, Rudi ulikotoka?

Price aliporudi pwani mwaka 1888, ilidhihirika kwamba watoro wa Rabai walikuwa mamia. Wenye watumwa walidai haki yao. Ndipo George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alipopatana nao wapewe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa. Watoro waliokombolewa katika vituo vya misheni walizidi 1,400, na wengi wao walikuwa wa Rabai. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Sheria ya kuuondoa katika pwani yetu ilikuja mwaka 1907.

Katika habari hizi twaona mafunzo matatu. Kwanza, haja ya nje haingoji chama kiwe tayari. Watoro hawakungoja idhini ya kamati yoyote. Pili, msaada una gharama. Mtu alilipa fidia, mtu aligawa shamba, mtu alihatarisha maisha. Tatu, amjuaye mhitaji ni yule aliyepita njia ile ile. Kwa hiyo asiachwe nje ya baraza mambo yanapoamuliwa.

Wala kanisa halikupungukiwa kwa kuutoa mkono wake. Mwaka 1903 shule ya kufundisha wachungaji ilianzishwa Freretown, ikahamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. James Mbotela, aliyezaliwa na wazee waliokombolewa, aliandika habari za watu wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Waliopokewa kama wageni waliwazaa walimu, makarani na wachungaji wa nchi.

Basi tunapoisoma hesabu ya fedha katika kurasa zifuatazo, tusiulize tu ni kiasi gani kilichobaki katika sanduku. Tuulize pia ni nani aliyebisha hodi mwaka huu, na kama tulimwitikia.