Malale ya Lambwe na wavu wa pete

Leo tuache kompyuta kidogo twende Bonde la Lambwe, Homa Bay. Kazi yangu ni kuandika programu, na kimelea cha malale kina programu ya ajabu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua maelfu ya watu kandokando ya Ziwa Victoria. Kusini mwa Nyanza, ambako leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, ugonjwa haukuondoka upesi. Lambwe ulilipuka tena miaka ya 1980. Msambazaji ni mbung'o. Chanzo ni tripanosoma, kimelea cha seli moja.

Tripanosoma ina mitokondria moja tu. DNA ya humo ni wavu: pete kubwa makumi kadhaa na pete ndogo maelfu, zimeshikana kama mikufu. Jeni nyingi za pete kubwa zimeandikwa zikiwa na herufi pungufu. Pete ndogo hutoa RNA fupi zinazoelekeza herufi ya U iongezwe au ifutwe wapi. Yaani pete ndogo ni viraka vya programu mbovu! Uhariri huo uligunduliwa Uholanzi mwaka 1986.

Wakati wa kunakili, kila pete ndogo hufunguliwa kutoka kwenye wavu, hunakiliwa, kisha nakala hufungwa ukingoni, pande mbili zinazotazamana. Wavu ukishakuwa maradufu, hugawanywa katikati.

Kwa nini mzigo wote huu? Katika damu, kimelea hula sukari tele. Ndani ya mbung'o sukari ni haba, hivyo hutegemea mitokondria kupata nguvu. Ushahidi ni ndugu yake, Trypanosoma evansi, anayewaugua ngamia wa kaskazini mwa Kenya. Yeye amepoteza pete kubwa, na wakati mwingine wavu wote. Hawezi tena kukua ndani ya mbung'o, lakini nzi wengine wanaouma humbeba, na amefika Asia na Amerika Kusini.

Kimelea cha Lambwe hakijakata kamba hiyo. Ndiyo maana kumpiga mbung'o kwa mitego na dawa kuliumiza ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa mwisho mwenyeji alipatikana Kenya mwaka 2009, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini. Ng'ombe, hata hivyo, bado wanaugua nagana. Mitego isianikwe kabatini.