Karani wa data na kidole kilichosajiliwa mara mbili

Vijana wa Garissa wanaojua kwamba naandika programu huniuliza swali lile lile: kazi ya karani wa kuingiza data ina mbele yoyote, au ni ya kupitisha muda tu? Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kiti hicho, nikichapa fomu rundo baada ya rundo, kwa hiyo siwezi kuidharau. Lakini leo badala ya kujibu kwa ushauri nataka kujibu kwa historia, maana ndugu msomaji, sijui sehemu nyingine ya Kenya ambako karani wa data amegusa maisha ya watu kama huku kwetu.

Tuanze mbali kidogo. Karani alikuwepo kabla ya kompyuta. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, na karatasi yake ikawa na rekodi ya waajiri wake. Yaani mfumo wa kumtambua mtu kwa kidole una zaidi ya miaka 100 nchini, msidhani umeletwa juzi na watu wa teknolojia. Kisha Novemba 1989 serikali ikaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wahakikiwe upya. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho cha kawaida. Wazee wengi bado wanaihifadhi ile kadi.

Sasa njoo Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu wapatao 90,000 waliokimbia vita Somalia. Kufikia ukame na njaa ya 2011, kambi zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Idadi kama hiyo huwezi kuisimamia kwa daftari. UNHCR ilikuwa imeanza kutengeneza programu ya usajili iitwayo proGres mwaka 2003, kwa msaada wa wataalamu wa Microsoft, na makarani ndio waliojaza rekodi zake: jina, familia, mwaka wa kuzaliwa, kadi ya chakula. Kuanzia Oktoba 2013, alama za vidole zilianza kutumika kuhakiki mtu kwenye ugawaji wa chakula katika kambi za Kenya.

Hapa ndipo penye kisa. Ukame hauulizi uraia. Wakenya wa Garissa na kaunti jirani, mifugo ikiwa imekufa, waliingia kambini wakajiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao, matibabu na shule. Wengi walioandikishwa walikuwa watoto, waliopelekwa na wazazi. Miaka ikapita. Mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa, akaweka vidole, na mashine ikajibu kwamba vidole hivyo ni vya mkimbizi. Ombi likaishia hapo. Bila kitambulisho Kenya hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako, hupigi kura, na kwenye vizuizi vya polisi barabara ya Nairobi una maelezo marefu ya kutoa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 40,000 walinaswa hivyo.

Kama mwandika programu naomba tusimame hapa kidogo. Mashine haikukosea! Iliulizwa: je, kidole hiki kimo kwenye orodha ile? Ikasema ndiyo, na ni kweli kilikuwemo. Shida ni swali jingine ambalo mashine haikuulizwa, nalo ni kwamba mtu huyu ni raia wa wapi. Hilo halimo kwenye kidole. Limo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa wazee, kwa chifu. Mabwana wa mifumo walichukua hifadhidata ya kugawa unga wakaifanya shahidi wa uraia. Na zaidi ya hayo, hapakuwa na njia rahisi ya kutoka. Kuingiza rekodi kulichukua dakika chache mezani kwa karani. Kuiondoa kulihitaji kamati za uhakiki zilizokuja kwa nadra, na watu waliohakikiwa wakabaki wakisubiri tena.

Shirika la Haki na Sheria la Garissa lilipeleka suala hili mahakamani mwaka 2021. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kwa upande wa walalamikaji. Hebu pima muda huo: kesi tu ilichukua zaidi ya miaka 3, na kuna aliyesubiri kitambulisho tangu kesi haijafikiriwa.

Sensa nayo ina hadithi yake. Mwaka 1999 mkoa wa Kaskazini Mashariki ulihesabiwa watu 962,143. Mwaka 2009 wakawa 2,310,757. Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya 8, tano zikiwa za mkoa huu na tatu za Turkana, akisema ongezeko halilingani na vizazi na vifo. Watu wakaenda kortini, kwa sababu idadi ni mgao wa fedha na ni viti vya bunge. Kwa karani jambo la kukumbuka ni kwamba fomu za 2009 zilisomwa na skana, na sensa ya 2019 ikafanywa kwa tableti. Ile kazi ya kuchapa fomu ya karatasi, karani wawili wakichapa fomu moja ili kompyuta ilinganishe, imekuwa ikiyeyuka polepole.

Je, imehamia wapi? Mwaka 2009 hivi Samasource walijaribu kupeleka vibarua vya mtandaoni kwa wakimbizi wa Dadaab hapo hapo. Baadaye kampuni hiyo, ikijiita Sama, ilikuwa Nairobi ikiajiri vijana wa kusoma na kuainisha maandishi ya kufundishia akili bandia. Gazeti la Time liliripoti Januari 2023 kwamba waliochambua maandishi machafu kwa ajili ya ChatGPT walipata chini ya dola 2 kwa saa. Hao nao ni makarani wa data, wamebadilishiwa jina tu.

Kwa hiyo ukiniuliza, kasi ya vidole haitakulipa kwa muda mrefu. Anayejua kwa nini rekodi mbili zinagongana, na jinsi ya kuisahihisha moja bila kuiharibu nyingine, huyo anatafutwa, na Garissa ina kazi hiyo tele. Anza na PostgreSQL, ni ya bure. Tengeneza majedwali mawili yenye majina ya watu wale wale yaliyoandikwa tofauti, Mohamed, Maxamed, Muhammad, kisha jaribu kuyaunganisha. Utaona moto! Nikipata nafasi wiki ijayo nitaweka hapa amri nilizotumia mimi.