Jinja na Mbale: Wenyeji, Wageni na Chuo Kikuu

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale hupita katika historia mbili za kuchanganyika kwa watu. Jinja, penye chimbuko la Mto Nili, ni mji wa kazi. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikastawi, watu wa makabila mengi walikusanyika hapo kutafuta riziki, na aghalabu Kiswahili kiliwasaidia kuelewana. Hata hivyo, kufanya kazi pamoja hakukutosha kuwa kinga: mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na waliokuwa majirani wakageuka kuwa wageni.

Mbale nako kuna kisa chake. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijitangaza kuwa Myahudi, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Wakati wa Amin ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi wao wakaiacha dini hiyo.

Katika mji huo huo, mwaka 1988, kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda. Asili yake ni mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Chuo kilianza na wanafunzi 80 tu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakikuwekewa Waislamu peke yao. Wakristo walipokewa, na miongoni mwa waliosoma hapo wamo hata Abayudaya.

Je, kufungua mlango kwatosha? La, hasha. Aingiaye nyumba ya watu hukuta desturi zao: mavazi yana kanuni, na Ijumaa ina heshima yake. Lakini tusidhani kwamba vyuo visivyo vya dini havina desturi. Huko Makerere, wanafunzi Waadventista walilalamika kwamba masomo na mitihani huwekwa siku ya Jumamosi, sabato yao. Shauri lao lilifika Mahakama ya Juu, nao wakashindwa mwaka 2006. Kila chuo, basi, kina kalenda yake, na kila kalenda ina mtu inayemwelemea. Tofauti ni hii: mwenyeji anayejua kuwa ana desturi huweza kumweleza mgeni na kusikilizana naye, asiyejua humlaumu mgeni kwa ukaidi.

Funzo hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Katika Uganda lugha yetu ilibeba kwa muda mrefu sifa mbaya ya kuwa lugha ya askari na ya vitisho. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima shuleni. Amri huingiza lugha darasani, lakini haiiingizi moyoni. Mwanafunzi ambaye wazee wake waliamrishwa kwa Kiswahili huku wameelekezewa bunduki ana haki ya kusitasita. Mwalimu asimcheke, amsikilize kwanza, kisha amfundishe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.